Maji Yanayoandaliwa kwa Ajili ya Jiwe

Minza mwanangu,

Habari za pasi ya kusafiria, za sweta na za kutomshikia mtu mzigo uwanja wa ndege umeshaambiwa na kila aliyepita hapa nyumbani, hata na wale ambao hawajawahi kuuona uwanja wa ndege, mimi nikiwa mmoja wao. Huko sina la kuongeza. Nakuandikia kwa sababu jana, tulipokuwa tunarudi kutoka kwa bibi yako Bukundi, uliniuliza swali, na mimi nikageuza uso nikaangalia mashamba ya pamba kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza. Ulisema, "Mayu, unaniruhusu niende hivi hivi, bila ahadi?"

Sikukujibu. Leo umeshinda unanipitia jikoni, unachukua kikombe, unakirudisha, unauliza chumvi iko wapi wakati unaiona. Najua ulichokuwa unasubiri. Kesho asubuhi watu wa kanisa watakuja kukuombea, kisha utapanda basi, na Omani si mahali pa kukimbilia kumpelekea mtu jibu alilolisahau nyumbani. Nataka uondoke nalo. Ila siwezi kulifikia moja kwa moja, nitalifikia kwa kuzunguka kidogo, maana mama yako bado ameshtuka. Mwaka huu wote nimekuwa mtu wa kushtuka.

Mshtuko wa kwanza uliuleta mwenyewe kwa simu. Nilikuwa bandani kwangu karibu na hospitali, nawapakulia watu makande, ukasema, "Mayu, nimepata ufadhili. Nakwenda Omani." Nikakaa juu ya gunia la mkaa. Unajua Omani ina maana gani kwetu hapa Somanda. Ni mabinti wanaokwenda kufua na kupika kwenye nyumba za watu, na simu zao zinazokatika katikati ya kilio. Mdomo ulisema asante Yesu, moyo ukasema jambo jingine. Jioni nikaenda kwa Mama Zuhura, yule ninayenunua dukani kwake chumvi na magadi, ili aniambie nisiogope, kwa kuwa yeye ana ndugu zake kule.

"Kazi za ndani?" akauliza.

"Hapana. Anakwenda kusomea mafuta."

"Ya alizeti au ya pamba?"

"Ya chini ya ardhi, Mama Zuhura. Haya ya magari."

Akaacha kupima sukari. "Basi shoga yangu, ukinunuliwa gari usinisahau. Mimi nitakaa mbele, wewe umeshazoea kubanana na masufuria."

Tukacheka, na moyo wangu ukatulia. Nilishakuchora kichwani umevaa kofia ngumu, umesimama chini ya mnara mrefu, mafuta yanaruka juu. Baada ya siku chache ndipo ukanieleza kwamba hutagusa mnara wowote. Unakwenda kutengeneza maji. Nikakuomba urudie. Ukarudia taratibu, kama unavyomweleza mtoto: maji, mayu, ya kuingizwa kwenye mwamba. Nilipompelekea Mama Zuhura habari hiyo alinitazama kwa huruma.

"Omani kote kule kwenda kutengeneza maji? Si angeanzia na kisima cha nyuma ya duka langu? Kinatoa matope."

Nami nilikuwa nawaza kama yeye, sikutaka tu kukuambia. Mpaka nilipokuja Dar es Salaam kwenye mahafali yako.

Kesho yake ulinipeleka maabara, ukanivalisha koti jeupe lililonifika magotini, ukaniambia nisiguse kitu. Nilidhani utanionyesha mitambo. Ukanionyesha jiwe. Kipande cha chokaa tu, cha mviringo, kinene kama bilauri, kimekaa ndani ya chupa ya kioo yenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari. Chupa imejazwa maji, na yote hiyo imo ndani ya oveni yenye dirisha.

"Linafanya nini humo?" nikauliza.

"Linatoka jasho. Sogea uone."

Nikasogea. Kwenye ngozi ya lile jiwe kulikuwa na vitone vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha. Kimoja kikakua, kikajikata, kikapanda juu kwenye shingo ya chupa na kutulia pale. Kikaja kingine.

"Nani analikamua?"

"Hakuna, mayu."

"Kuna mashine huku nyuma."

"Zunguka uangalie." Nikazunguka kweli. Ukuta mtupu. "Ni maji tu, na joto," ukasema.

Mwanangu, mimi miaka yote niliamini kwamba mafuta yako chini kama ziwa, mtu anatumbukiza bomba ananyonya. Siku ile nikajua kwamba yamo ndani ya jiwe lenyewe, kwenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na kwamba hili jiwe la chokaa lina tabia ya kuyakumbatia mafuta na kuyapa maji kisogo. Watu wanachimba, yanatoka yaliyo tayari kutoka. Wanasukuma maji yakatoe mengine, yanatoka. Halafu maji yanajizoesha njia zake, yanapita kwenye nyufa, yanatokea upande wa pili yakiwa maji matupu, na huku nyuma mafuta mengi yamebaki yameng'ang'ania. Kisima kinasemwa kimechoka na bado kimejaa. Nikauliza kwa nini wasiongeze nguvu ya kusukuma. Ukacheka.

"Kila mtu anauliza hivyo. Maji yataongeza mwendo kwenye njia zile zile, basi."

Yale uliyonieleza baadaye nimekuwa nikiyarudia kichwani ninapochagua maharage, nawe unisahihishe kama nimekosea. Mafuta yana uchachu wake, na uchachu huo ndio unaoshika ngozi ya jiwe. Sasa ukichukua maji ya bahari, ukapunguza hii chumvi yetu ya kulia, ukaongeza ile chumvi nyingine, ya jamii ya dawa ya kuendesha tumbo, hiyo ya pili inakwenda kukaa kwenye ngozi ya jiwe. Ikisaidiwa na chokaa kidogo iliyomo majini, na joto la huko chini, ule uchachu unaachia. Mafuta yanakosa pa kushika, yanatoka yenyewe. Nikakuuliza chumvi ya kulia ina kosa gani mpaka ipunguzwe.

"Haina kosa. Inajaa mlangoni tu. Kama wale wanaosindikiza wagonjwa pale hospitalini kwenu, wazima wamejaa mlangoni, mgonjwa hapiti."

Nilikaa mbele ya ile oveni mpaka ukaniletea kiti. Pembeni kulikuwa na chupa nyingine yenye jiwe lililoacha kutoka jasho. Ulisema limekaa hivyo kwa siku nyingi, limeshatoa lote litakalotoa kwa maji yale. Ukaimwaga, ukaweka maji yako uliyoyachanganya, ukairudisha. Asubuhi tulipopita kuaga lilikuwa limeanza tena. Jiwe lililokwisha. Wewe ulitabasamu ukaandika namba zako. Mimi nikasema moyoni, Bwana, nimeishi juu ya ardhi yako mpaka mvi zimenitoka na sijui lolote kuihusu.

Kwenye basi la kurudi nikakumbuka maharage yangu ya Bukundi. Nilikusimulia baadaye kwa simu, lakini nilikata vipande vya aibu. Sasa pokea na hivyo vipande.

Nilipoolewa nilitoka hapa Somanda nikijiona mpishi. Siku ya kwanza ya kuwapikia wakwe nikateka maji ya kisima cha pale, yale unayoyajua, yenye chumvi ambayo ng'ombe huyafurahia na watu huyameza. Nikainjika maharage asubuhi. Mchana yalikuwa magumu. Nikaongeza kuni. Alasiri magumu. Nikaongeza kuni tena, nikapuliza mpaka macho yakawa mekundu, na mawifi wananipita wakiulizana kama bi harusi anachemsha kokoto. Akilini mwangu kosa lilikuwa la moto. Mke mvivu ni yule mwenye moto mdogo, ndivyo nilivyolelewa. Nilimaliza kuni ambazo mama mkwe alizikusanya kwa siku kadhaa. Ndipo mmoja akasema kwa dharau, weka magadi. Nyumbani tulizoea kutia kidogo kwa ncha za vidole. Mimi kwa hasira na machozi nikatia konzi nzima. Maharage yakalainika, ndiyo, yakawa uji, na ule uji ukanuka kama beseni la kufulia. Bibi yako alionja, akawaambia wageni, "Tumeoa mke, tumepata na fundi sabuni." Niliitwa Fundi Sabuni mpaka nilipomzaa kaka yako Masanja.

Nilitegemea utacheka. Hukucheka. Ukasema, "Mayu, hilo ndilo lililonipata mimi." Ukanieleza jinsi ulivyotaka jiwe litoe haraka, ukatia ile chumvi ya tumbo nyingi kwenye maji yaliyokuwa na chokaa nyingi, vikashikana huko ndani, vikafanya ukoko mweupe kama wa birika la bibi, na vitundu vyote vikaziba. Jiwe likafa. Kazi ya miezi. Hukuwa umemwambia mtu, ulikuwa unaingia maabara kila siku na kujifanya unapima. Nilikuambia nini siku ile? Nadhani nilikuambia ukale. Nilichotaka kukuambia ni kwamba niliona fahari, kwa sababu uliuleta uchafu wako kwangu ukijua nami nina wa kwangu.

Sasa jana.

Bibi yako tulimkuta amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Mkasalimiana, mwadila, mhola duhu, akakushika mashavu akasema umekonda kwa kusoma. Nikampa sukari na mkate na yale maji ya chupa tuliyonunua Mwanhuzi. Akakuuliza unakwenda kufanya nini. Ukamweleza kwa Kisukuma safi, nikashangaa kwamba mambo yale yanakubali Kisukuma. Alikuwa anasikiliza huku anapukuchua.

"Hayo maji mnayatoa wapi?"

"Baharini, bibi."

"Ya chumvi."

"Ya chumvi. Yanachujwa kwanza, chumvi inatoka, halafu tunarudisha zile tunazozitaka tu."

"Yakishachujwa, kabla hamjarudisha, mtu anaweza kunywa?"

"Anaweza. Ni safi."

"Halafu mnampa nani?"

"Jiwe," ukasema.

Mikono ya bibi yako ikasimama. Na mimi, Minza, ndipo niliposhtuka mshtuko ambao mpaka sasa ninavyoandika haujanitoka. Nilikuwa nalijua jambo hili kwa miezi. Nililijua jasho la jiwe, nikalijua la wazima mlangoni, nilishalisimulia hata kwa Mama Zuhura kwa majivuno. Sikuwahi kuliona mpaka lilipotamkwa mbele ya mtungi wa bibi yako, wenye mstari mweupe wa chumvi pale maji yanapofika, na nyuma ya nyumba tunasikia wanawake wakipampu kisima kile kile cha maharage yangu. Nikasema kwa sauti, nadhani nilipaza, "Yaani duniani kuna maji yanayoandaliwa kwa ajili ya jiwe, yanapimwa chumvi yake kama ya mgonjwa, na mama mkwe wangu anakunywa haya?"

Uliinamisha kichwa, nikaona nimekuumiza, na kwa haraka ya kukuponya nikakufungulia njia. Nikamwambia bibi, "Lakini ndiyo maana anakwenda. Atajifunza mambo ya chumvi, atarudi kutusafishia kisima. Si ndiyo, Minza? Mwahidi bibi yako."

Lilikuwa neno rahisi. Kila mtu alikuwa ameshalisogeza mpaka mdomoni kwako.

"Hapana, mayu," ukasema. "Siwezi kuahidi."

Bibi akakuangalia. "Kwa nini?"

"Sijui kama nitarudi, bibi, wala lini. Labda maji ya kisima siku moja nitayafanyia kazi, labda sitayafanyia. Lakini siendi kwa ajili ya kisima. Nakwenda kwa sababu nataka kulijua lile jiwe. Nikikuambia nakwenda kwa ajili yako, nitakuwa nakudanganya."

Nilitaka kukufinya. Mtu mzima, mwenye shahada, nilitaka kukufinya pajani kama ulipokuwa mdogo ukiongea kanisani. Nikawaza, si ungesema tu, wote husema. Bibi mwenyewe anajua watu husema. Nikaanza kumwomba radhi mama mkwe, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Baba yake huyu," akasema, ananiambia mimi kama vile hupo, "aliniahidi kisima kizuri siku anakwenda Bariadi kwenye kiwanda cha pamba. Alikaa huko huko, Somanda kwenu. Mdogo wake akaniahidi alipokwenda Mwanza. Masanja akaniahidi bomba lenye koki, akanionyesha na mahali litakaposimama. Unajua nimezifanyia nini ahadi zao? Nimezilinda. Gari likitimua vumbi kule barabarani naweka jembe chini naangalia, labda ni bomba. Palizi yangu inachelewa kila mwaka kwa sababu ya watoto wenye upendo." Halafu akakugeukia. "Wewe sitakuangalia. Nitalima. Ukija, umekuja."

Akaomba maji ya kukubariki. Nikampa ya chupa, akayasukuma. Akachota ya mtungini kwa kata, akavuta mdomoni, akakupulizia kifuani mpaka blauzi ikaloa. Unajua mimi ni mtu wa kanisa, jambo hilo linapofanyika huwa najifanya nina shughuli nje. Jana sikutoka. Nilisimama pale nikiwaza kwamba bibi yako amefanya kwa dakika moja jambo ambalo mimi sijaliweza tangu niwe mama, na nimesali sana, Minza, hakuna anayeweza kusema sisali.

Hapo ndipo lilipo lile ambalo sijakuambia. Linamhusu kaka yako.

Unajua desturi ya kanisani kwetu. Mtu akiwa anasafiri, mzee wa kanisa humsimamisha mbele ya watu kabla ya maombi, humuuliza, "Utarudi na nini?" Anayeondoka hujibu, watu hupiga makofi, ndipo wanamwombea. Masanja alipokuwa anakwenda Geita kutafuta kazi ya mgodini alikuja kwangu ana wasiwasi wa lile swali. Akaniambia, mama, mimi sijui hata kama nitapata kazi, nitajibu nini? Nikamfundisha jibu. Nikamwambia, sema utaezeka upya nyumba ya baba yako kwa bati la rangi. Baba yenu alikuwa hajamaliza mwaka kaburini, na nilitaka watu wasikie kwamba nyumba yangu ina mwanaume. Masanja akasimama akasema, bati la rangi. Alipigiwa makofi kuliko wote. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma.

Krismasi ya kwanza alikuja, akawa anaangalia juu kwenye paa kila anapoingia. Nyingine akatuma ujumbe. Baadaye simu ikawa haipatikani. Nikafanya kama nilivyofanya na maharage. Nikafunga, nikakesha, nikamtafuta kwa kila anayekwenda Geita, nikatuma maneno makali, nikatuma maneno ya kulia, nikamwambia mchungaji amtaje madhabahuni. Wewe ulinisikia nikiwaambia watu kwamba dunia imemmeza.

Mwezi uliopita akaja mteja bandani, amemleta mkewe hospitali, anatokea Geita. Tukazungumza, akamtaja Masanja. Wanafanya kazi pamoja. Nikaacha upawa ndani ya sufuria. Nikauliza kama ni mzima.

"Mzima kabisa, mama. Ana mke, ana na mtoto wa kike anaanza kutembea."

"Mbona haji kwao?"

Yule kijana akacheka kidogo, hakujua anaongea na nani. "Huyo? Huwa anasema mama yake atamwona siku akiwa na bati la rangi. Tunamtania, tunamwita Bwana Bati."

Nilimpakulia chakula chake, nikampa na cha mgonjwa, sikumwambia mimi ni nani. Nilikaa nyuma ya banda. Nina mjukuu, Minza. Ana miguu, anaanza kutembea, na sijamwona kwa sababu ya bati ambalo mimi mwenyewe nililitia kinywani mwa mwanangu ili nipigiwe makofi. Na hii nyumba haivuji. Haijawahi kuvuja hata siku moja.

Nilikuficha kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu ulikuwa unajiandaa kusafiri, nikasema nisikutie uzito. Kumbe jana kule Bukundi nilikuwa nakufundisha jibu kama nilivyomfundisha yeye. Sauti ile ile. Ndiyo maana sikuweza kukujibu njiani. Ningefungua mdomo ningelia, na ungedhani nalia kwa sababu unaondoka.

Leo mchana nilimpata yule mteja wodini kwa mkewe, ambaye bado amelazwa, nikajitambulisha. Alinyanyuka kwenye stuli kama amekalia msumari. Akanipa namba ya Masanja inayopatikana. Sikupiga. Nimempelekea ujumbe mfupi, nimeuandika na kuufuta sana, maana kila mara nilikuwa naongeza neno la kumvuta. Mwishoni umebaki hivi: "Nyumba haivuji. Sitaki bati. Nimesikia una binti. Mimi mama yako." Mpaka sasa hajajibu. Huenda asijibu. Mkono unaniwasha nimpigie, nimeuweka kwenye kalamu hii badala yake.

Kwa hiyo usije ukaniuliza kama nina hasira kuhusu maji ya jiwe. Ninayo, na nadhani nitaendelea kuwa nayo. Siielewi dunia inayojua chumvi inayotakiwa na mwamba wa Omani na haijui anayoikataa mama mkwe wangu. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, sikupamba. Wewe nawe ukae na jambo hilo huko uendako, usikubali likuishie. Lakini sitakufunga nalo. Nimeona wanachofanya watu waliofungwa na maneno mazuri. Wanakaa mbali, wazima, wanaona aibu.

Kule utaharibu tena mawe. Utaziba vitundu, utapoteza miezi, na watakuwepo wa kukukumbusha kwamba wewe umetoka kusikojulikana. Siku hiyo ndiyo unipigie, ukiwa huna kitu. Usinisubirishe mpaka upate cha kunionyesha. Nikiwa nauza nitamwambia Mama Zuhura ashike upawa, yeye atachanganya bei na atawapa watu mchuzi mtupu, lakini nitakusikiliza mpaka umalize. Na ukilipenda jiwe kuliko kurudi, unijulishe mwenyewe, nisisikie kwa mteja.

Sasa jibu lako. Kesho mzee wa kanisa atakusimamisha hapo uani mbele ya watu wote, naye ni mtu mwema, hana ubaya, atakuuliza utarudi na nini. Usijibu. Inamisha macho tu, watadhani ni adabu. Nitasimama mimi. Nitasema Minza anakwenda kulijua jiwe, na mimi mama yake nimemruhusu, na hatumdai kitu. Wakitaka kujua zaidi nitawaambia na habari za bati.

Watashtuka, na makofi hayatakuwepo, na huenda maombi yakachelewa kidogo kuanza kwa sababu watakuwa wanatazamana. Wewe panda basi lako. Mimi nitabaki nao.

Mayu wako,
Mama Masanja